Nilivyolifuata Gitaa la Kaka Yangu hadi Butiama

Nimechoka kusimulia kipandekipande. Kwenye kikoba mmeniuliza, kwaya mmeniuliza, hata wateja wangu wa mbao hapa Nyakato wanakuja kununua kenchi za paa wanaishia kuniuliza nilikuwa wapi siku nne zote duka likiwa limefungwa. Basi naandika mara moja. Someni, mpelekeane, na atakayeniuliza tena aje na sukari yake, maana chai yangu imeisha kwa maswali yenu.

Ugonjwa wangu wa magitaa mnaujua. Ninayo kumi na moja, yote makavu, yaani yale yasiyotumia umeme, na yote ya zamani. Yananing'inia sebuleni, na mume wangu, Baba Magesa, huwaambia wageni kwamba nyumba ni yake ila kuta ni za mkewe. Kupiga sijui hata wimbo mmoja. Ninachojua ni mbao. Mbao mbichi bado ina maji ndani, ukiigonga inaitika kama mtu mwenye mafua. Gitaa lililokaa miaka arobaini kwenye nyumba ya mtu, likavuta moshi wa jikoni, likakauka polepole, ukiligusa kwa kidole linakujibu kabla hujaondoa mkono. Halafu kuna alama. Pale gumba la mwenyewe lilipopita kila jioni, mbao inakuwa na bonde. Mgongoni unaona kifungo cha shati kilivyochimba. Lile nililonunua Bweri lina majina manne ya wasichana yamekwaruzwa kwa msumari, matatu yamefutwa. La dukani, jipya, halina cha kuniambia.

Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa nawapa watu. Ni ya kweli, lakini nusu. Nusu nyingine ni kwamba kila gitaa nililonunua nilikuwa natafuta moja tu, la marehemu kaka yangu Wambura. Shingo ya gitaa ilivunjika akaiunga kwa boliti ya baiskeli, na mgongoni lilipopasuka akaziba kwa kipande cha bati la kopo la mafuta ya kupikia. Kaka aliacha mtoto wa miaka miwili, Esta, na mama mtu alipoolewa kwingine nikamlea mimi. Esta amekua ananiuliza gitaa la baba yake liko wapi. Nilimwambia liliibwa msibani. Halikuibwa. Nililitoa mimi kwa mkono wangu.

Sasa Esta ana miaka ishirini na minne na amepata ajira ya ualimu Tunduru. Jumatano jioni, tukipanga vitu vyake, nikamwambia achague chochote ndani ya nyumba aende nacho. Alikuwa anakunja mashuka, wala hakuinua kichwa. "Shangazi, mimi sitaki vyombo wala godoro. Ningekuwa na gitaa la baba ningeondoka nimeridhika." Alikuwa anasafiri Jumatatu. Usiku huo nilijiambia: hilo gitaa nitalinunua, likishindikana nitaliomba, likishindikana nitalia, nalo likishindikana nitalibeba nikimbie. Asubuhi nilimuaga kwamba nafuata mzigo wa mbao.

Nyakato hadi Buhare

Kutoka Nyakato hadi Buhare si mbali, ila nusu siku yangu ya Alhamisi iliishia hapo. Nilienda kwa Fundi Sospeter, anayetengeneza redio na magitaa, na ndiye anayenitengenezea yangu yote.

"Kaa hapo, Mama Magitaa," akasema bila kuniangalia.

"Fundi, leo sina muda wa kukaa."

"Basi simama. Redio hii mwenyewe anaitaka kabla ya mahubiri ya saa sita."

Nikasimama hadi miguu ikaniuma, nikakaa. Akamaliza redio, akaanza kunieleza jinsi zamani walivyokuwa wanachambua waya wa breki ya baiskeli wakapata nyuzi za gitaa, hadithi ambayo nimeisikia labda mara ishirini. Mkewe akaleta ugali wa muhogo na furu wakavu waliopikwa kwa nyanya nyingi. Wale samaki ni wadogo, miiba mingi, huwezi kuwala huku unaongea, na mimi nilikuwa na swali kooni. Nikala kwanza. Nilipomaliza nikamweleza lile gitaa, boliti na bati.

Fundi aliacha kunawa, mikono ikabaki inachuruzika maji. "Hiyo gitaa? Imepitaga hapa mara mbili."

"Hapa kwako?"

"Kwenye hii meza. Vigingi vya kukazia nyuzi vilikuwa vimelegea. Mbona hujawahi kuniulizaga?"

Miaka yote nimeingia na kutoka kwa yule mzee, na sikuwahi kumtajia gitaa ninalolitafuta, kwa sababu angeniuliza lilipoteaje. Nimekagua kuta za watu kimyakimya kama mwizi, na kumbe jibu lilikuwa kwa fundi wangu mwenyewe. Nilijikasirikia mpaka nikasahau kumshukuru mama kwa chakula.

Gitaa lilikuwa limeletwa na kinyozi mmoja wa Bunda, pale Manyamanyama, anaitwa Masatu. Kama ni lake au la, fundi hajui. "Mtu akileta kitu mimi natengeneza kitu," akasema. Saa nane nilikuwa ndani ya gari la Bunda.

Manyamanyama

Kibanda cha kinyozi nilikikuta kimefungwa. Muuza vocha wa jirani akanielekeza nyumbani kwake, nyumba ya tatu nyuma ya mashine ya kusaga. Nilipofika uwanjani nikaona turubai, wanawake wamekaa kwenye mikeka, wanaume wamekaa upande wao kwenye viti vya kukodi. Mama yake Masatu alikuwa amezikwa siku moja kabla.

Niambieni, ungefanya nini? Hukanyagi uwanja wa msiba ukauliza habari za gitaa. Na ukishauona msiba hugeuki kurudi, hata kama humjui aliyekufa. Nikajifunga kitenge vizuri nikaingia. Mama mmoja akaniona na begi langu, akanipokea, akaniangukia begani analia. Na mimi nikalia, tena nikalia kwelikweli, sijui kilio kilikuwa cha nani.

"Umetoka Musoma?" akaniuliza tulipotulia.

"Nimetoka Musoma."

"Jamani, wa Musoma wamefika."

Ikawa hivyo. Marehemu alikuwa na ndugu zake Musoma waliokuwa wanasubiriwa tangu mazishi, na mimi nilikuwa mama wa makamo, nina begi, nimelia vizuri. Nilifungua mdomo kurekebisha, lakini tayari mtu alikuwa ananifunga kanga kiunoni na mwingine ananipa mwiko wenye urefu wa jembe. Nilisonga ugali wa matanga kwenye sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea. Nilitandikiwa pamoja na mashangazi. Asubuhi ya Ijumaa nililetewa chai na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa, na nikaambiwa nile nishibe kwa kuwa kikao cha ukoo kinanisubiri mimi. Hapo nikaanza kuangalia begi langu lilipo.

Saa nne ndugu halisi wa Musoma wakashuka kwenye gari, wanne. Kilio kilipopoa, yule mama aliyenipokea akawatazama, akanitazama na mimi.

"Sasa wewe mama ni nani?"

Nikaona nikidanganya na hapa nitakuwa nimezidi. "Mimi sina undugu na nyie. Nilikuja kumuuliza Masatu habari za gitaa, nikakuta msiba."

Masatu mwenyewe ndiye aliyeanza. Alikuwa amekaa na macho mekundu ya siku tatu, akainama, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Umesonga ugali wa watu wote hawa kwa sababu ya gitaa?" Wale mashangazi wakashika matumbo. Wakasema tangu mama yao afe ndiyo mara ya kwanza kucheka, na kikao kikaniruhusu nikae hadi mwisho, kama jirani.

Mchana wakagawa vitu vya marehemu. Nguo zikagawiwa, vyombo vikagawiwa. Dada yake Masatu, msichana wa kama miaka thelathini, akakinyanyua kigoda cha mama yake akakitupa katikati ya uwanja. "Anayekitaka achukue. Mimi sitaki kukiona." Watu wakamwachia, wakijua ni uchungu. Mzee mmoja akaanza kunyoosha mkono.

Nilijikuta nimeshakikalia. "Hiki hakitoki leo," nikasema. "Kaa nacho mwaka mmoja, binti. Baada ya hapo ukitaka kukitoa, kitoe."

"Wewe si hata ndugu yetu."

"Si ndugu. Lakini mimi nilitoa, na ndicho kilichonileta huku."

Akaja, nikainuka, akakichukua kigoda akaingia nacho ndani. Masatu akanifuata pembeni. Gitaa si lake, akasema. Yeye huwaga analibeba tu likihitaji fundi, akienda Musoma kununua vifaa vya saluni. Mwenyewe ni Magoiga wa Butiama, na linapigwa kwenye kwaya.

Niliposikia jina la Magoiga nikashikilia nguzo ya turubai. Magoiga ndiye mtu niliyempa, na siku zote nilidhani alishaliuza, sikujua hata kwao ni wapi.

Bunda hadi Butiama

Jumamosi asubuhi nilikuwa stendi mapema, lakini dereva hakuwa na haraka hiyo. Alikuwa na gari dogo la watu watano, akataka saba. Tulipofika saba akakumbuka kuna mama wa mbuzi alimwahidi. Tukamsubiri mama wa mbuzi. Mama akaja bila mbuzi, mbuzi amekata kamba, tukasubiri mbuzi akamatwe. Nilishuka nikamsaidia kumkamata mimi mwenyewe, nimeshika kwato, kitenge changu kimejaa matope, na abiria wananitazama kama kichaa. Niliwaambia kama wanataka kufika washuke na wao.

Kiabakari nikanywa chai na muhogo wa kuchemsha, nikapanda bodaboda kwenda Butiama. Kijana wa pikipiki hakuniuliza swali hata moja. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara nyekundu, mtama umesimama kando kote, na mimi nimefumba macho natunga maneno ya kumwambia Magoiga. Nilipofumbua tuko mbele ya makumbusho.

"Hapa nimekuja kufanya nini?"

"Wageni wote huwa nawaletaga hapa, mama."

"Mimi ni wa Nyakato, mgeni wa wapi? Nipeleke kwa Magoiga anayeimba kwaya."

"Si ungesema," akanijibu, na kusema kweli sikuwa nimesema.

Kwa Magoiga

Nilimkuta amekaa kwenye jiwe mbele ya nyumba anachonga mpini wa jembe. Amezeeka, nywele zimekuwa nyeupe, ila nilimjua, na yeye hakuhitaji kufikiri.

"Wewe ndiye yule dada uliyenirushia gitaa," akasema.

Nilirusha kweli. Miaka ishirini na miwili iliyopita, siku ya kuanua matanga ya kaka yangu, Magoiga alikuja kutuaga. Alikuwa rafiki yake, kaka akipiga gitaa yeye anakwaruza chupa ya soda kwa kijiti kufuata mdundo. Mimi nililichukia lile gitaa. Kwa ajili yake kaka aliacha kazi kiwandani, akawa mtu wa kupiga kwenye vilabu, hali ovyo, halali. Nikalitoa ndani nikamrushia Magoiga kifuani. Chukua uchafu huu, nilimwambia, nisiuone tena.

"Ndiyo mimi," nikasema. "Nimelifuata."

Hakukasirika. Akaniletea kiti, akaniambia mwenye nalo yuko mazoezini, anarudi sasa hivi, tusubiri. Mkewe akakamata kuku. Nikafikiri mwenye nalo labda ni mtoto wake wa kiume, nikajiandaa kupambana na kijana.

Akaja msichana. Miaka kama ishirini na miwili, mrefu, amebeba gitaa mgongoni kwa kitenge kama mtu aliyebeba mtoto. Niliiona boliti kabla sijauona uso wake. Akalitua taratibu, mke wa Magoiga akamnong'oneza kitu, naye akanitazama, akatabasamu.

"Habari za siku, mdogo wangu," akaniambia.

Mimi nina miaka hamsini na moja. Nimekamata mbuzi, nimesonga ugali wa watu, nimelala siku mbili kwenye mkeka, halafu binti wa rika la wanangu ananiita mdogo wake, hana shikamoo. "Binti," nikasema, "huku kwenu hamfundishwi kuamkia watu wazima?"

Wala hakuona haya. Magoiga akakohoa, akasema tule kwanza.

Tukaletewa ugali wa mtama na kuku wa mchuzi. Magoiga, mwenye nyumba, akaichukua firigisi akaiweka kwenye sahani ya yule binti, yeye akala paja. Binti akala firigisi yake bila wasiwasi. Kwetu firigisi ni ya baba, mnajua wenyewe, watoto hawaitolei hata macho. Nikaona nyumba hii imeharibika kabisa, mtoto hana adabu na wazazi wanamchekea. Nikashindwa kuvumilia.

"Shemeji, samahani, ila huyu mtoto mmemdekeza."

"Siyo mtoto wa kumdekeza huyo," Magoiga akasema. "Jina lake ni Wambura."

Akanieleza polepole. Mwezi ule ule aliporudi na gitaa, mkewe alijifungua. Mtoto akalia siku tatu, hanyonyi. Wakamtajia majina ya babu na bibi, upande wa baba na upande wa mama, kila jina anazidi kulia. Mnaijua desturi hii, hata mwanangu Magesa tulimpatia jina hivyo. Siku ya tatu Magoiga, kwa kuchanganyikiwa, akachukua gitaa akakaa mlangoni akajaribu kupiga wimbo aliouzoea kwa rafiki yake. Akasema, Wambura, kama ni wewe, nyamaza. Mtoto akanyamaza, akanyonya.

"Msichana?" nikauliza.

"Jina linachaguaga lenyewe. Ndiyo maana hakuamkii. Atakuamkiaje wakati wewe ni mdogo wake? Na gitaa si langu. Ni lake, la jina lake. Mimi nimemtunzia tu mpaka alipokua."

Wambura akanawa mikono, akachukua penseli na mpira wa kufungia, akaifunga penseli kwenye shingo ya gitaa kubana nyuzi, vilevile kaka alivyokuwa anafanya. Akapiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Ninayo magitaa kumi na moja na nimewahi kuwaita wapigaji waje wayapige, lakini sauti ile sikuwa nimeisikia miaka ishirini na miwili. Nililia mbele ya sahani za watu.

Niwaambie kitu ambacho hata Baba Magesa hajui. Kaka alipokuwa amelazwa aliniomba nimpelekee gitaa wodini, apige kidogo tu, alisema, chinichini. Nilimwambia apone kwanza. Hakupona. Kwa hiyo sikulirusha gitaa kwa sababu ya vilabu peke yake. Nililirusha kwa kuwa kila nikiliona nilikuwa naona nilivyomnyima.

Nikajifuta uso. Nilikuwa nimekuja kwa kazi moja na siku ilikuwa inaisha. "Nakuomba unirudishie," nikamwambia Wambura. "Si langu mimi, ni la Esta. Anasafiri Jumatatu kwenda Tunduru, hajui lini atarudi."

"Esta mwanangu," akasema, kama mtu anayemkumbuka mtoto aliyemwacha mdogo. "Mwambie aje."

"Muda hautoshi. Nipe nimpelekee."

"Mtoto wangu, kitu changu, halafu nimtumie mtu? Kwa nini asije mwenyewe?"

Nikaanza kukusanya sahani.

"Anajua gitaa liko wapi?"

"Anajua liliibwa," nikasema.

Wambura akamgeukia Magoiga, akanirudia mimi. "Na aliyeiba ni nani? Ni huyu baba aliyenilea?" Hakupandisha sauti. Magoiga aliangalia mpini wake wa jembe, na aibu niliyoipata pale sijawahi kuipata maishani. Uongo wangu nilidhani unanihusu mimi na Esta tu. Kumbe miaka yote nilikuwa nimemfanya mwizi mtu aliyelitunza.

"Mpigie simu," Wambura akasema. "Ukimwambia ukweli akaja, atalipata. Usipomwambia, halitoki hapa."

Nilibisha. Niliomba, nilieleza, nilikaribia kufanya lile la nne, la kubeba na kukimbia, ila mtu wa umri wangu angekimbilia wapi kwenye mawe yaliyozunguka nyumba ile. Mwishowe nikapanda juu ya mwamba nyuma ya nyumba kutafuta mtandao. Nikampigia Esta nikamwambia yote, la wodini pia. Nilisikia anapumua, kisha simu ikakatika, na nilipopiga tena hakupokea.

Jumapili

Nilienda misa nao kwa kuwa sikujua pa kwenda. Wambura alipiga na kwaya, na mimi nilikuwa nageuka kuangalia mlango kila dakika, hadi mama wa nyuma yangu akaniuliza kama nimeacha chungu jikoni. Esta hakutokea. Tukarudi nyumbani, nikaanza kukunja nguo zangu.

Saa saba na nusu pikipiki ikaingia uwanjani. Esta akashuka, amejaa vumbi, viatu mkononi. Alipita mbele yangu kama mimi ni upepo. Akaenda moja kwa moja kwa Magoiga, akamwomba radhi kwa kumdhania mwizi mtu aliyelitunza gitaa, ambaye hata sura yake hakuijua. Magoiga akamwambia hana kosa, akamwonyesha mlangoni kwa kidole.

Wambura alikuwa amesimama mlangoni, bado na sare ya kwaya. Esta amemzidi miaka miwili. Nilidhani atacheka, au atasita, hawa watoto waliosoma. Akakunja magoti palepale kwenye mchanga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu nyumbani."

Hakukuwa na hotuba. Wambura aliingia ndani, akatoka na gitaa, akalivua kitenge, akamwekea mapajani. Esta akapitisha kidole penye lile bonde, mahali gumba la baba yake lilipokuwa linapita, na juu yake la huyu. Akalia kwa sauti, mke wa Magoiga akamshika mabega. Wambura akakaa chini karibu yake akaanza kumwonyesha mahali pa kuweka vidole. Walikaa hivyo mchana wote uliobaki, mpaka Esta akaweza kupiga vipande viwili vya wimbo, vibaya, ila vinatambulika.

Tulipojiandaa kuondoka nikamsogelea. "Esta."

"Nitakusamehe, shangazi," akasema. "Lakini siyo leo."

Nilikubali. Sikuwa na haki ya kudai siku.

Wambura alikuwa anakunja kile kitenge cha kubebea, hakina kitu tena. Akaniita kando. "Nimempa mtoto kitu chake, sawa. Na mimi Jumapili ijayo nitapiga nini kanisani?"

"Nitakuletea moja," nikasema. "Ninayo kumi na moja."

"Lete yote. Nitachagua mwenyewe."

Mnanifahamu. Hakuna aliyewahi kutoka nyumbani kwangu na gitaa, hata la kuazima, hata padri alinyimwa. Na maneno yalikuwa yameshafika mdomoni, kwamba asubiri kidogo, kwamba mengine yana nyufa, kwamba barabara ni mbaya. Nikamtazama usoni, binti wa watu, ameshika kitenge kitupu, ananiomba gitaa.

"Shikamoo kaka," nikamwambia. "Nayaleta Jumamosi, yote."

"Marahaba," akasema.